Bustani ya Aprili na bustani ya Februari: kisa cha uwanja mmoja wa mji wa pwani

Kisa hiki kinahusu bustani ya maua ya umma katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nilikuwa msimamizi wa kazi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo makosa mengi yatakayotajwa humu yalipita mikononi mwangu. Jina la mji, la mfadhili, la msikiti na la kila mtu nimeyaondoa, na vipimo vya uwanja nimeviweka kwa makadirio. Nimekiandika kwa ajili ya kamati za mitaa zinazokabidhiwa kiwanja kitupu na fedha za mara moja, kisha zikaambiwa zipendezeshe mji.

Uwanja wenyewe

Ni ekari mbili hivi. Kaskazini umepakana na soko, magharibi na barabara ya hospitali, kusini na msikiti, mashariki na bahari. Zamani palikuwa na ghala. Lilipobomolewa kifusi kilibaki, na juu ya kifusi watu wakatupa taka kwa miaka. Udongo wake ni mwembamba: ukipiga sururu, baada ya shubiri mbili unagonga tumbawe.

Miti ilikuwa mitatu. Mikungu miwili mikubwa ilisimama upande wa msikiti, na mwarobaini mmoja upande wa soko. Chini ya mikungu walikaa ndugu wanaosubiri wagonjwa, vijana wa bodaboda, na mama lishe watatu waliouza uji, maandazi na mihogo. Katikati ya uwanja ilipita njia ya miguu, kutoka kituo cha daladala hadi lango la hospitali, imesuguliwa hadi inang'aa. Njia hiyo naitaja mapema kwa sababu katika mchoro wetu wa kwanza haikuwamo.

Masika ya kwanza

Fedha zilifika Machi kupitia halmashauri. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na tuliambiwa waziwazi kwamba zisipotumika kabla ya siku hiyo huenda tusizione tena. Tulikuwa na miezi mitatu. Mchoro ukatengenezwa ofisini ndani ya wiki moja: duara la chemchemi katikati, matuta manane ya maua yanayolizunguka kama miale ya jua, mawe yaliyopakwa chokaa, ukoka upande wa barabara na nyasi za majani mapana zilizonunuliwa kwa vipande upande wa bahari. Rangi zilipangwa zionekane vizuri kwa mtu anayepita na gari.

Nataka kuutendea haki uamuzi huo. Aprili ardhi ilikuwa imelowa, miche inashika yenyewe, fedha ziko mkononi, mafundi wapo. Bwana shamba yeyote atakuambia panda wakati wa masika. Tulipanda miche mia sita, mingi ikiwa iksora, bogenvilia na mishubiri, na upande wa bahari tukaweka mivinje na mikadi michache kujaza nafasi. Juni palipendeza kweli. Maharusi walikuja kupiga picha, na jioni watoto walikimbia kwenye nyasi ambazo hawakuwahi kuziona katikati ya mji wao.

Kwenye hesabu za mradi, baada ya mistari ya miche, samadi, saruji na mafundi, kulikuwa na mstari mmoja wa mwisho: matunzo yatafanywa na halmashauri. Hakuna aliyeuliza kwa maji yapi na kwa mikono ya nani.

Februari

Vuli ya mwaka ule ilikuwa haba. Kufikia Januari kaskazi ilikuwa inavuma kavu na jua limekaa utosini. Bomba la uwanja lilikuwa moja, bili yake ilichelewa kulipwa, likafungwa. Tulichimba kisima, maji yakatoka ya chumvi. Likabaki bomba la soko, mwendo wa kama mita mia.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa Machi. Mche mchanga kwenye udongo ule unahitaji angalau lita 5 kila baada ya siku moja. Miche 600 ni lita 3,000, yaani madumu 150 ya lita 20. Mkokoteni wetu ulibeba madumu sita, kwa hiyo ni safari 25. Kila safari, pamoja na kusubiri foleni ya bomba, ilichukua kama dakika 20. Hiyo ni zaidi ya saa nane za mkokoteni mmoja, kila baada ya siku moja, kabla hujang'oa gugu hata moja. Tulikuwa na vibarua wawili, na mmoja alikuwa ameacha kazi Desemba kwa kukosa ujira.

Iksora zilikuwa na ugonjwa wao wa pekee. Majani machanga yaligeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama nyavu ndogo. Tukadhani ni njaa, tukaongeza samadi. Hazikubadilika. Udongo wa matumbawe umejaa chokaa, na chokaa hufunga madini ya chuma yasichukuliwe na mizizi ya mimea inayopenda udongo wenye uchachu. Chuma kilikuwemo ardhini, iksora hazikuweza kukifikia.

Matuta mawili yaliyokaa juu ya ile njia ya hospitali yalikanyagwa tangu mwezi wa kwanza. Tuliweka kamba, ikakatwa. Tuliweka miiba, ikasogezwa pembeni kwa utaratibu, bila hasira. Siku moja nilisimama pale nikaona vijana wanne wamembeba mama yao mgonjwa kwenye kiti, wakipita katikati ya tuta. Sikuwa na la kuwaambia.

Daftari la mzee

Machi iliyofuata kamati ilikutana kwa uchungu. Wengine walitaka tuombe fedha tupande upya, wengine walitaka uwanja urudishwe kwa halmashauri. Mjumbe mmoja, bwana shamba mstaafu, alisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia, “Mwanangu, tusipande tena, tusiondoke. Tuhesabu kwanza kilichobaki.”

“Sawa, mzee. Tuhesabu lini?”

“Baada ya mvua tatu. Sasa hivi utahesabu walio hai ukawaandika maiti.”

Alikuwa sahihi. Ukoka tulioudhani umekufa ulichipua wote kutoka chini mvua zilipoanza, wakati zile nyasi za vipande hazikurudi hata jani. Tulitembea uwanja mzima na daftari, mche kwa mche, tukiandika aina, mahali, na umbali wake kutoka baharini. Waliopona walikuwa bogenvilia nyingi, mishubiri karibu yote, na ile mikadi na mivinje tuliyoipanda bila kuitilia maanani. Iksora zilibaki tatu, zote kwenye kivuli cha mkungu, mahali ambapo miaka ya majani yaliyooza ilikuwa imetengeneza udongo mweusi juu ya tumbawe.

Mzee alikuwa na mfano aliopenda kuurudia, wa machimbo ya kiwanda cha saruji Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kuotesha miti kwenye mwamba mtupu wa matumbawe uliobaki baada ya kuchimbwa. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu, mvinje na mnazi zikiwemo. Mivinje ilipokua, sindano zake zilirundikana bila kuoza, akaleta majongoo wazitafune ziwe mboji. Leo pale ni msitu na bustani ya kutembelewa na watu. “Ishirini na tatu zilikataa,” mzee alisema, “na hakuziita hasara. Zilimwambia neno.”

Kutokana na daftari lile kamati ilifanya uamuzi uliobeba yote yaliyofuata. Uwanja tuliugawa kona nne. Tutaanza na moja tu, ya mikungu, kwa sababu ina kivuli na udongo, na kwa sababu watu tayari wanakaa hapo. Hatutagusa kona ya pili mpaka ya kwanza ivuke Februari moja bila kupoteza zaidi ya mche mmoja katika kumi. Fedha zikija kabla ya hapo zitanunua tangi, mabomba na ujira, hazitanunua mche. Wajumbe wawili walijiuzulu kwa sababu ya sharti hilo. Nawaelewa: uwanja ulikuwa unaonekana vibaya, na watu walikuwa wanasema.

Maji ya udhu

Wazo la maji lilitoka kwa kijana wa kufagia msikitini. Maji ya udhu yalikuwa yanamwagika kwenye mtaro hadi baharini, mara tano kwa siku, mwaka mzima. Hayana sabuni. Tulikwenda kwa imamu pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hakuwa na pingamizi, alitaka jambo moja: mtaro wa udhu utenganishwe kabisa na maji ya vyooni, na yeye mwenyewe aoneshwe ulipotenganishwa. Kazi hiyo ilituchukua wiki tatu za mtaimbo kwenye jiwe, na ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote za mwaka ule.

Kabla ya kupanda tulipima. Tuliweka pipa la lita 200 mwisho wa mtaro kwa wiki mbili. Siku za kawaida lilijaa mara mbili, na Ijumaa likafurika. Lita 400 kwa siku ni 800 kwa kila mzunguko wa siku mbili, na kwa lita 5 kila mmoja hiyo ni miche 160. Tukaamua kupanda 120, arobaini iliyobaki iwe akiba ya siku ambazo msikiti nao utakosa maji. Namba hiyo ilibandikwa ukutani kwenye banda la vifaa. Mtu akija na zawadi ya miche, na wengi huja nayo, huoneshwa namba. Ikiwa imetimia, mche hukaa kwenye kiriba kitaluni mpaka mwingine ufe au maji yaongezeke.

Maji ya kisima cha chumvi nayo yalipata kazi. Tuliyamwagia mivinje na mikadi ya upande wa bahari peke yake, ambayo kwa asili ni mimea ya ufukweni.

Njia, upepo na udongo

Tulikaa uwanjani siku mbili, Ijumaa na siku ya gulio, tukichora watu wanakopita. Mchoro mpya ulianzia kwenye njia hizo. Ile ya hospitali ikawa uti wa mgongo wa bustani, upana wa watu wanne waliobeba mgonjwa, imetandazwa kokoto za matumbawe na kushindiliwa. Hakuna aliyekanyaga tuta tena. Mawe ya chokaa tuliyaondoa.

Upande wa bahari tulipanda mstari wa mivinje, na mikadi mbele yake, miaka miwili kabla ya ua lolote. Kusi inapovuma kwa nguvu Juni na Julai hubeba chumvi, na chumvi hiyo huunguza majani machanga ng'ambo yote ya uwanja. Kwa miaka miwili watu waliona mistari ya vijiti na kuuliza bustani iko wapi. Ni kipindi kigumu kuliko vyote, na sijui njia ya kukifupisha.

Mboji tulitengeneza kwa mabaki ya mboga ya sokoni na majani ya mkungu. Majani hayo ni makubwa, mkungu huyapukutisha kwa wingi, na zamani yalikuwa yakichomwa kila asubuhi. Yakatandazwa kwenye mashina, na udongo chini yake ukabaki na unyevu siku mbili tatu zaidi.

Asumini za kuchumwa

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Katika mchoro wa kwanza hatukumuuliza mwanamke hata mmoja anataka maua gani. Mara hii tuliita kikao chini ya mkungu, na akina mama hawakutaja rangi. Walitaja harufu: asumini, mlangilangi, mkilua, rehani, mkadi. Mmoja wao, bibi anayeuza sokoni vikuba, yaani vishada vidogo vya maua na majani ya kunukia, alisema asumini zake anazifuata kijiji cha mbali kila Alhamisi. Akauliza, kama bustani ni ya watu, kwa nini kuna kibao cha USICHUME MAUA.

Kamati ilibishana mwezi mzima. Hofu ilikuwa kwamba ukiruhusu kuchuma, kesho hakuna ua. Mwishowe tulipanda kitalu kimoja cha asumini kandokando ya njia, kwenye udongo mwekundu ulioletwa kwa lori na kuinuliwa kwa mawe, tukamkabidhi bibi na wenzake wawili. Wao humwagilia, hupogoa na huchuma. Kwingine kote hakuchumwi.

Nenda Alhamisi saa kumi na moja jioni uwaone. Asumini huchumwa ingali imefumba, kwa sababu hufumbua usiku, na iliyofumbua tayari haifiki asubuhi. Bibi hushika kikonyo kwa kucha mbili, huvuta kidogo kuelekea kwake, tumba linatoka bila kutikisa tawi. Mtoto wa mjukuu wake akikamata tawi zima, humpiga kibao kidogo cha upendo mkononi. Kitambaa chake cha kukusanyia kimeloweshwa maji na kukamuliwa. Baada ya nusu saa kuna matumba meupe kama punje za mchele, na harufu bado haijatoka. Itatoka usiku, nyumbani kwake, akiyatunga na rehani na vipande vya mkadi.

Katika miaka yote tangu kitalu kile kipandwe, hakuna mche wa asumini uliokufa kwa kiu.

Mama lishe na majivu

Halmashauri ilitaka mama lishe waondolewe ili bustani iwe safi. Kamati ilikataa, na hoja yetu kuu ilikuwa Forodhani, Unguja: bustani ile ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, wauza vyakula walipangiwa mahali pao, na hao ndio wanaoijaza watu kila jioni. Tuliwapa mama lishe wetu ukingo wa kaskazini, chini ya mwarobaini, kwa makubaliano ya mdomo kwamba watafagia kona yao.

Makubaliano ya mdomo hayakutosha. Hakuna aliyesema majivu ya moto na maji ya kuoshea masufuria yamwagwe wapi, yakamwagwa karibu zaidi, kwenye shina. Mwarobaini ulianza kukauka matawi ya upande mmoja, tukadhani ni mchwa, na tulipotambua chanzo robo tatu ya mti ilikuwa imekwisha. Tuliukata. Ulikuwa mti pekee wa upande ule, wenye umri kuliko wengi wetu. Kosa hilo nalihesabu kuwa letu kamati: tuliwapa watu mahali pa kupikia bila shimo la majivu. Sasa lipo, pamoja na karo la maji machafu, na mama lishe ndio waliochagua lichimbwe wapi.

Palipofikia

Huu ni mwaka wa sita. Kona ya mikungu imevuka Februari nne, kona ya njia mbili, ya bahari moja. Mivinje imepita kimo cha nyumba na chini yake iksora zimerudi, mara hii kwenye matuta yaliyoinuliwa. Mwaka wa nne soko liliezekwa upya, tukaomba maji ya paa, na kwa fedha za mfadhili mwingine tukaweka tangi la lita 10,000. Likijaa vuli, linatosha miche 160 kwa siku 25, yaani karibu Februari nzima. Ndipo namba ya ukutani ilipobadilishwa.

Chemchemi haikujengwa. Duara lake la saruji limekuwa baraza ya wanaosubiri wagonjwa.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni kuufunga ukubwa wa bustani kwenye maji ya mwezi mkavu kuliko yote. Kabla ya hapo ukubwa uliamuliwa na fedha, na fedha zetu zilikuja masika, wakati ambapo kila kitu huota na kila mtu ana matumaini. Namba ya ukutani pia ilimaliza ugomvi: kumkatalia diwani mche wake ni jambo zito, kumuonesha pipa ni jepesi.

Cha pili ni kuwapa watu sehemu wanayoishi kwayo. Asumini zinatunzwa vizuri kuliko sehemu tunayolipia ujira. Lakini nisingependa hilo lichukuliwe kuwa dawa ya kila kitu. Kitalu kile kinasimama juu ya biashara ya bibi mmoja, umri wake umekwenda, na wenzake wawili hawana wateja wake. Mpaka sasa hatujapanga nani atafuata.

Yapo tuliyoshindwa. Hakuna choo cha umma, na mama lishe na wageni wa hospitali huomba cha msikiti, jambo linaloanza kuleta manung'uniko kwa jirani aliyetupa maji. Ujira wa vibarua huchelewa kila Julai na Agosti, bajeti mpya inapoanza. Taa hakuna, na wanawake huondoka magharibi. Kama ningeanza upya, choo kingekuja kabla ya kona ya pili.

Na kuhusu fedha zinazoisha Juni 30: tungeweza kuzitumia zote kihalali ndani ya miezi mitatu bila kupanda mche hata mmoja. Kutenganisha mtaro, kununua tangi, kuchimba mashimo kwenye tumbawe, kununua udongo mwekundu, kujenga kitalu cha miche. Vyote hivyo havifi Februari. Hatukufanya hivyo kwa sababu hakuna kimojawapo kinachopendeza kwenye picha ya uzinduzi, na hakuna kati yetu aliyesimama kikaoni akasema hivyo.

Kona ya nne, pale mwarobaini ulipokuwa, ina mashimo kumi na mawili ya majaribio: mikwaju minne, mikungu minne, miarobaini minne, kila aina mbili kwa maji matamu na mbili kwa maji ya kisima. Mzee amefungua ukurasa mpya wa daftari. Tutaenda kuhesabu baada ya mvua tatu.